Shokapu

Gereji za Dar es Salaam husema shokapu. Kwingine utasikia shokomzoba. Maneno yote mawili yana asili ya Kiingereza, na nayapenda kwa jinsi mafundi walivyoyalainisha.

Wengi hudhani shokapu ndiyo inayobeba gari. La. Uzito hubebwa na springi. Kazi ya shokapu, kwa mafuta yanayosukumwa kwenye vitundu vya pistoni, ni kuzuia springi isiendelee kudunda. Bonyeza gari kwa nguvu juu ya tairi, kisha achia. Likipanda na kutulia, shokapu bado nzima. Likiendelea kunesa, au shokapu imelowa mafuta, imekufa.

Ukibadilisha mwenyewe nyumbani, badilisha zote mbili za ekseli moja, na usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Pale springi imevishwa kwenye shokapu, kama mbele ya Corolla, usifungue nati ya juu ya katikati kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake. Ikifyatuka inaweza kuua. Hapo mimi ningemwachia fundi. Bolti za bushi kaza mwisho, gari likiwa limekanyaga chini, la sivyo mpira hujipinda na kuchanika mapema.