Pembe Ambayo ni Jino

Nilikwenda Guangzhou kama mbeba mizigo. Mama mdogo ana duka la nguo Kariakoo, na safari ile alitaka mtu wa kumsaidia kuhesabu pisi na kufunga marobota. Siku nne tulizunguka masoko ya jumla na mitaa ya Xiaobei, ambako unasikia Kiswahili nyuma yako mpaka unageuka kuona nani kakuita. Siku ya tano akaniambia, "Leo pumzika mwanangu, kesho tunapeleka mzigo kwa wakala." Nikapanda treni ya chini ya ardhi, nikashuka kituo cha Chenjiaci.

Wanaonisoma siku zote wanajua udhaifu wangu: kwenye makumbusho nasoma kibao kwanza, halafu ndiyo natazama kitu chenyewe. Vumilieni, maana kisa hiki kinaanzia kwenye kibao.

Chenjiaci ni jumba la ukoo wa Chen. Lilikamilika mwaka 1894, nasaba ya Qing ikiwa ukingoni, kwa michango ya watu wa ukoo huo kutoka kila pembe ya Guangdong. Vijana wao waliokuja mjini kufanya mitihani ya serikali walifikia hapo. Mwaka 1905 mitihani yenyewe ikafutwa. Yaani nyumba yote ile, kwa kazi iliyojengewa, ilitumika miaka kumi na moja tu! Tangu 1959 ni makumbusho ya sanaa za jadi za mkoa huo, ingawa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni iligeuzwa kiwanda cha uchapaji.

Ukiwa uani, inua kichwa. Sijawahi kuona paa lenye maneno mengi namna ile. Mgongo wa paa la ukumbi mkuu una urefu wa mita 27, na juu yake wamepangwa watu wa udongo 224, waliofinyangwa na kuchomwa kwenye tanuri za Shiwan, kule Foshan. Ni wahusika wa michezo ya opera, na asiyejua kusoma aliweza kusimama chini akafuata kisa kwa macho. Kwingine kumejaa popo: popo wa mbao, popo wa matofali, popo wa chokaa. Kwa Kichina neno la popo na neno la baraka hutamkwa sawa, fu, kwa hiyo ukichora popo umeomba dua. Mjaribu kumweleza hivyo mtu wa Pemba aliyelala nje mwaka 1995 kwa kumwogopa Popobawa.

Vyumba vya nakshi za uzi na vyombo vya kaure nilivipita haraka. Vizuri, lakini nilikuwa nimechoka kuangalia vitambaa, mnaelewa. Kisha nikaingia penye pembe.

Lilikuwa tufe la ukubwa wa chungwa kubwa. Ndani yake tufe jingine, ndani ya hilo jingine, na jingine, yote yametobolewa nakshi kama lesi, na kila moja linazunguka peke yake. Hakuna kiungo wala gundi. Fundi huanza na bonge moja la pembe. Analikereza mpaka liviringane, anatoboa matundu kutoka pande zote kuelekea katikati, halafu anaingiza patasi zenye ncha iliyopinda na kukata tabaka moja moja, akianzia la ndani kabisa. Haoni anachokata, anakisikia vidoleni tu. Mkono ukiteleza mara moja, kazi ya miezi imekwenda.

Mwandishi wa zama za Ming, Cao Zhao, katika kitabu chake cha mwaka 1388 kuhusu vitu vya kale, alitaja tufe la namna hii lenye tabaka tatu, na akasema huitwa kazi ya mizimu. Mafundi wa Guangzhou walilifikisha tabaka ishirini na kupita. Unyevu wa mji huu unawafaa, pembe haikauki ikapasuka. Tena kuanzia 1757 hadi 1842 hii ndiyo bandari pekee ya China iliyokuwa wazi kwa wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani, kwa hiyo wateja walikuja wenyewe mpaka mlangoni, wakitaka vipepeo vya mkono, sataranji na matufe.

Kibao kilikuwa na herufi mbili za malighafi. Nikazielekezea simu: xiangya, jino la ndovu.

Nikasimama hapo. Wachina wanaliita jino, na ni jino kweli. Sisi tuliokuwa na mnyama mwenyewe nyuma ya nyumba tuliliita pembe, kana kwamba ndovu ni ng'ombe. Wapagazi walibeba pembe, wenye majahazi walinunua pembe, hesabu za Unguja ziliandikwa kwa pembe. Siku hizi fungua gazeti lolote la Dar: mtu kakamatwa na "meno ya tembo", kashtakiwa kwa nyara za serikali. Biashara ilisema pembe, mahakama inasema meno. Sijui mtaalamu wa lugha atasemaje, mimi naona kwamba neno "jino" limerudi pale tulipoanza kumhesabu mnyama aliyekuwa nalo mdomoni.

Na njia ya jino hilo kwenda China si ya juzi. Kila mtu hukuhadithia twiga wa Malindi aliyefika kwa mfalme wa Ming mwaka 1415, maana twiga anapendeza kwenye picha. Lakini miaka mia tano kabla ya twiga, al-Masudi, aliyesafiri kwenye pwani yetu karibu mwaka 916, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanj hupelekwa Oman, na kutoka huko zinaendelea hadi India na China. China, anasema, wakubwa wa serikali walibebwa kwenye machela za pembe walipokwenda mbele ya mfalme. Ndovu wetu walifika ikulu kabla hatujawa na neno la ikulu ile.

Kwetu ni Tabora. Babu alikuwa akisema kwamba babu yake alikwenda pwani mara tatu akiwa na pembe begani, na mara ya tatu akarudi na goti bovu na doti ya merikani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo zaidi ya 30, na pembe kubwa ilifungwa kengele nchani ili msafara usikike. Sitaki kujipa undugu na kila kitu: karne ile pembe nyingi za Unguja zilikwenda Bombay, London na Marekani, zikawa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Ila bega ni bega. Nilitazama lile tufe nikajaribu kusikia kengele.

Halafu kuna sehemu isiyo ya mababu. Mwaka 2006 China iliingiza uchongaji wa pembe katika orodha ya urithi wa taifa. Mwaka 2008 ikanunua shehena halali kutoka kusini mwa Afrika. Kwetu Tanzania, hesabu ya 2009 ilipata ndovu kama 109,000, na ile ya 2014 ikapata kama 43,000. Waliopiga risasi walikuwa wa kwetu, na waliofumba macho getini walikuwa wa kwetu pia, tusijifiche. Desemba 31, 2017, China ikafunga biashara ya pembe nchini kote. Mafundi wakahamia kwenye mfupa wa ng'ombe, na kwenye meno ya mamothi yanayochimbwa ardhini.

Nilifurahi marufuku ile ilipotangazwa, na ningefurahi tena leo. Lakini mbele ya kioo kile nilitaka kulichukia tufe, nikashindwa. Mtu alikaa miezi akikata gizani kwa vidole, na hakuna kijana atakayefundishwa hivyo tena kwa jino lenyewe. Nilizunguka chumba mara tatu. Mzee mmoja aliyekuja na mjukuu wake akaniuliza kwa ishara natoka wapi. "Tansangniya," nikasema, maana hilo nilikuwa nimeshalijua sokoni. Akamwinamia mtoto akamwambia neno, na mtoto akanyoosha mkono mbele ya pua kama mkonga.

Nje, kwenye kiduka cha pembeni ya barabara, nikanunua katufe ka mfupa ka tabaka tatu. Kameungwa kwa gundi, ukitazama vizuri unaona viungo. Jioni nikakaweka juu ya robota.

"Hii nini?" mama mdogo akauliza.

"Mfupa wa ng'ombe."

"Umekuja mpaka China kununua mfupa wa ng'ombe?" Akakachukua, akakageuza kwenye taa, akapitisha ukucha tunduni. Katufe ka ndani kakazunguka. Akanyamaza kidogo.

"Sasa hiki wamekiingizaje humu?"

Nikavuta stuli, nikaanza kumweleza.