Moshi wa Madhabahuni, Kutoka Aradi Hadi Kashozi

Siku ya sherehe katika parokia za Bukoba na Muleba, mtumishi wa altare aliyekabidhiwa chetezo huanza na makaa. Huyapuliza nje ya sakristia mpaka yakolee, kisha hukibembeza chetezo kwa mnyororo yasije yakazimika. Padri huchota ubani kwa kijiko kidogo, huutia juu ya makaa na kuubariki. Moshi ukikawia kupanda, mtoto wa watu hutokwa jasho.

Nyuma ya moshi huo kuna historia ndefu. Kiebrania cha Biblia kina mzizi mmoja, q-t-r, unaohusu kugeuza kitu kuwa moshi mbele ya Mungu. Humo ndimo limetoka ketoreti, jina ambalo Biblia ya Kiswahili huliita uvumba. Lakini kitenzi chake hutumika pia kwa mafuta ya mnyama yanayoungua madhabahuni, hivyo msomaji wetu wa Mambo ya Walawi hukuta "kuteketeza" hapa na "kufukiza" pale asijue kuwa nyuma yake mna kitenzi kimoja. Na waandishi wale walikuwa wajanja. Umbo la kitenzi lenye maana ya kusababisha hutaja, kwa kawaida, ibada halali ya makuhani. Umbo jingine, katika vitabu vya Wafalme, Yeremia na Hosea, huangukia zaidi ufukizaji uliokatazwa: wa mahali pa juu, wa Baali, wa yule nyoka wa shaba aliyevunjwavunjwa na mfalme Hezekia.

Kumbe hoja ya zamani ilikuwa mkono wa nani unawasha. Kutoka sura ya 30 inatoa viungo vya uvumba na papo hapo inamkataza mtu kujitengenezea wake. Nadabu na Abihu walileta moto usioagizwa wakafa. Mfalme Uzia aliingia hekaluni na chetezo akatoka na ukoma kwenye paji la uso.

Maandiko hayasemi yote. Katika ngome ya Aradi, jangwa la Negebu, palichimbuliwa madhabahu mbili za karne ya 8 kabla ya Kristo. Uchunguzi wa kikemia uliotangazwa mwaka 2020 ulikuta kwenye moja ubani uliochanganywa na mafuta ya mnyama, na kwenye nyingine bangi iliyochanganywa na samadi. Sijui mapadri wetu hulisimuliaje hilo kwenye katekesi.

Ubani wenyewe ulitoka Dhofari ya Omani na pwani ya Somalia. Warumi walipoliteketeza Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, Wayahudi waliacha kufukiza, wakabaki kuyasoma maagizo yake tu. Ndivyo ilivyo hata kwa Abayudaya wa Mbale, Uganda, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Wakristo nao waliuogopa moshi huo mwanzoni, na walikuwa na sababu: chini ya Kaisari Desio, mwaka 250, kuchoma ubani kwa miungu ya Roma kulitosha kumponya mtu na kifo na kumtia aibu kanisani. Haikupita hata karne moja na nusu, mhujaji Egeria akavikuta vyetezo ndani ya kanisa la Ufufuko, Yerusalemu.

Kwetu chetezo kililetwa na Mapadri Weupe. Vita vya Mengo vya 1892 vilimfukuza askofu wao, Hirth, kutoka Buganda, na mwaka huohuo misheni ya Kashozi, huko Bukoba, ikaanza. Rubya, huko Ihangiro, ilifuata mwaka 1904. Seminari yake ndiyo iliyomlea Laurean Rugambwa, padri wa 1943 na kardinali wa kwanza Mwafrika, 1960. Enzi hizo za Kilatini ubani ulikuwa wa misa kuu. Misale ya 1970 iliuruhusu katika misa yoyote, ingawa parokia nyingi bado huutunzia sikukuu.

Walutheri wa Bethel, waliofika Bukoba mwaka 1910, walikuja na Biblia na nyimbo, chetezo hawakukileta. Waanglikana wa Zanzibar walikipenda, wenzao wa bara waliofuata mkondo wa kiinjili wakakikwepa. Zaburi ya 141, inayotaka sala ipande kama ketoreti, wote wanaisoma. Na kwenye misiba ya Muleba, ambako ukoo mmoja huwa na waumini wa pande zote mbili, jeneza la Mkatoliki hufukizwa shemeji Mlutheri akiwa amesimama hatua chache tu, na hakuna anayeomba radhi kwa moshi.