Ua Linaloingiza Nyuki Mjini

Siku niliyofika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza niliingizwa mjini. Wewe mtoto wa mjini unanielewa. Nimeshuka tu kwenye basi, begi mkononi, akanijia jamaa mmoja mtanashati, shati limepigwa pasi, maneno matamu. Akanionyesha simu, nikaishika, nikaibonyeza, ikawaka. Bei ya kutupa. Akaifunga mbele ya macho yangu, nikalipa, nikaondoka natabasamu. Nilipofika kwa shangazi Buguruni nikafungua boksi. Ndani mna kipande cha sabuni ya mche, kimekatwa vizuri kabisa, uzito uleule wa simu.

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Mwanangu, yule hakukupata kwa kuwa wewe ni mjinga. Kakupata kwa kuwa wewe ni mgeni. Kesho hawezi kukupata tena, ndiyo maana hahami pale stendi. Wageni wanashuka kila siku."

Miaka ikapita. Siku moja mvua ilinifungia maktaba. Nilikuwa natafuta kitu cha kunisaidia kumaliza hadithi iliyonishinda, nikaokota kitabu cha mimea, nikasoma habari za maua yanayoitwa okidi. Ndugu msomaji, yule jamaa wa stendi nilimkuta mle ndani. Ana petali na anaota porini.

Tuanze na biashara halali. Ua la kawaida na mdudu wana mkataba wa nipe nikupe. Ua linatoa mbochi, ile maji tamu iliyomo ndani yake. Mdudu anakunywa, na wakati anakunywa unga wa chavua unamshika mwilini, anaupeleka kwenye ua jingine, mbegu zinapatikana. Kila mmoja kapata chake. Ila okidi, ambazo zina spishi zipatazo 28,000 duniani, wengi wao si waaminifu. Kwa hesabu iliyozoeleka, karibu theluthi moja hawalipi chochote, na wapo wataalamu wa karibuni wanaosema ni karibu nusu. Wana rangi, wana harufu, wana umbo la kuita wateja, lakini dukani hamna kitu.

Mtu wa kwanza kulisema jambo hili hadharani alikuwa mwalimu. Christian Konrad Sprengel alikuwa mkuu wa shule huko Spandau, karibu na Berlin. Mwaka 1787 aliona vinywele vidogo chini ya petali za ua moja la porini, akajiuliza vinafanya kazi gani. Akaona vinakinga mbochi isiharibiwe na mvua. Kuanzia hapo hakutulia. Mwaka 1793 akatoa kitabu kikubwa chenye maelezo ya spishi 461 na kurasa 25 za michoro, akieleza kuwa maua yameumbwa yalivyo kwa ajili ya wadudu. Katika uchunguzi wake akakuta okidi zenye kibomba kirefu nyuma ya ua, mahali ambapo ungetegemea mbochi ikae. Akachungulia: pakavu. Akaandika kwamba maua hayo yanajifanya yana mbochi wakati hayana. Yanadanganya.

Alilipwa nini? Mwaka 1794 aliondolewa kwenye ukuu wa shule, watu wakilalamika kwamba anatelekeza kazi. Kitabu hakikupata wasomaji wengi, na juzuu la pili halikutoka. Alifariki mwaka 1816, na kwa miaka mingi wakubwa wa elimu waliona ni mzee mwenye ndoto zake tu. Wewe unayeandika mashairi usiku na kuyaficha chini ya godoro, mkumbuke huyu.

Aliyemfufua ni Charles Darwin. Alikisoma kitabu cha Sprengel mwaka 1841, akakipenda. Mwaka 1862, miaka mitatu tu baada ya kile kitabu chake kilichotikisa dunia, akatoa kingine juu ya okidi. Mle ndani Darwin ni kama fundi saa. Alionyesha kwamba chavua ya okidi haimwagiki kama unga, bali imefungwa katika vifurushi viwili vyenye vikonyo na gundi. Mdudu akiingiza kichwa, vifurushi vinamganda kama pembe. Darwin aliingiza ncha ya penseli kwenye ua, akaitoa na kifurushi kimeganda, akakaa kukitazama. Ndani ya sekunde kama 30 kifurushi kikainama mbele, kikawa sawasawa na mahali pa kupokelea chavua kwenye ua linalofuata. Alifunika pia mmea mmoja kwa chombo cha kioo, na mitatu ya jirani akaiacha wazi. Ile ya wazi ikachukuliwa vifurushi vyake na wadudu, ule uliofunikwa ukabaki navyo.

Lakini penye suala la udanganyifu, Darwin aligoma. Alitafuta mbochi kwenye vibomba vile usiku na mchana, akaikosa, na bado hakukubali kwamba nyuki, mdudu mwenye akili, anaweza kuzugwa kizazi baada ya kizazi. Akasema lazima wadudu wanatoboa ngozi ya ndani ya kibomba na kunyonya maji yaliyomo katikati ya ngozi mbili. Leo tunajua kwamba pale mwalimu wa Spandau alikuwa sahihi na Darwin alikosea. Simsemi vibaya mzee. Nasema tu kwamba hata mkubwa anaweza kulikataa jambo lililo mbele ya macho yake kwa kuwa halilingani na heshima aliyompa nyuki.

Baadaye ukaonekana utapeli mzito zaidi. Huko Algeria, enzi za ukoloni wa Ufaransa, alikuwepo hakimu mmoja aitwaye Pouyanne. Kwa miaka kama 20 alitazama okidi ndogo ya jenasi Ophrys, ambayo mdomo wake unang'aa bluu kama kioo na umezungukwa na manyoya mekundu ya kahawia. Aliona linatembelewa na nyigu wa aina moja tu, na wote madume. Tena aligundua jambo la saa: madume hao hutoka ardhini wiki kadhaa kabla ya majike. Ndipo ua linapochanua. Dume halili pale wala hanywi. Anafanya yale anayofanya dume na jike. Mwaka 1916 Pouyanne na Mswisi Henri Correvon wakaitoa habari hiyo kwenye jarida la bustani la Ufaransa. Wengi waliinua nyusi wakafunua ukurasa mwingine.

Mwezi Januari 1927, upande wa pili wa dunia, Dorothy, binti wa Edith Coleman, alimwona nyigu akiingia kinyumenyume kwenye okidi moja karibu na Melbourne, Australia. Akamweleza mama yake. Coleman hakuwa profesa. Alikuwa mwalimu wa zamani, mama wa nyumbani, na mwandishi wa makala za magazetini. Hakusema "achana na hayo mwanangu." Alikaa akatazama, akayachukua maua hadi nyumbani, nyigu wakayafuata. Mwaka huohuo akaandika katika jarida la wapenda mazingira wa Victoria kwamba ua lile, la jenasi Cryptostylis, linamhadaa dume. Mwaka 1949 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Medali ya Historia Asilia ya Australia. Miongo kadhaa baada ya kifo chake, mwaka 2008, watafiti walithibitisha kwamba nyigu wale humwaga hata mbegu zao kwenye ua.

Sasa turudi kwenye swali la shangazi: wananaswaje? Kwa sifa gani?

Kwanza ni harufu. Mswidi Bertil Kullenberg alikusanya kazi ya miaka mingi katika kitabu cha mwaka 1961, akionyesha kwamba harufu ndiyo inayomvuta dume kwenda kwenye Ophrys. Mwaka 1999 Florian Schiestl na wenzake wakafungua kabisa boksi la sabuni. Ua la Ophrys sphegodes hutoa mchanganyiko uleule wa kemikali za nta zilizoko kwenye ngozi ya nyuki jike wa aina fulani. Si harufu inayofanana, ni ileile. Na ua likishachavushwa hubadilisha harufu, hutoa ile ya jike aliyekwisha pandwa. Dume anaambiwa, "Kaka, hapa pameshachukuliwa, jaribu mlango wa pili." Anakwenda kwenye ua jingine la shina lilelile ambalo bado linasubiri.

Pili ni rangi. Okidi wengi wasiolipa hawaigi jike, wanaiga duka. Kule Rasi, Afrika Kusini, ipo Disa ferruginea, isiyo na mbochi, inayomtegemea kipepeo mmoja mkubwa. Upande wa magharibi ua hili ni jekundu, kama ua jekundu la jirani lenye mbochi. Ukienda mashariki linakuwa la machungwa, kama jirani wa huko. Na vipepeo wenyewe, walipopimwa, kila upande walipenda rangi ya kwao. Ndiyo kusema tapeli wa kila mtaa anavaa sare ya duka la mtaa huohuo.

Tatu ni kutofanana. Ipo okidi ya Ulaya, Dactylorhiza sambucina, inayoota ya njano na ya zambarau katika uwanja mmoja. Nyuki wakubwa wenye manyoya, wanapotoka tu usingizi wa baridi, wanajaribu ya njano, hawapati kitu, wanahamia ya zambarau. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba rangi iliyo chache ndiyo inayofanikiwa zaidi. Ikishakuwa nyingi, wanaishtukia. Kwa hiyo rangi zote mbili zinaendelea kuwepo. Hapa nilimkumbuka shangazi: mgeni ndiye mtaji.

Utauliza, kwa nini ua lisilipe tu likaishi kwa amani? Maana hasara ipo. Hesabu zilizokusanywa mwaka 2005 zinaonyesha kwamba okidi wanaolipa hufikisha matunda kwa asilimia 37 hivi ya maua yao, wasiolipa asilimia 21 hivi. Jibu moja lilipatikana kwa jaribio rahisi. Watafiti walidondoshea maji ya sukari kwenye vibomba vikavu vya okidi moja ya Ulaya, jibu likachapishwa mwaka 2004. Nyuki wakakaa. Wakazunguka maua mengi ya mmea uleule, na chavua ikaishia kuchavusha mmea ulioitoa. Aliyetapeliwa, kwa upande wake, anaondoka kwa hasira na kwenda mbali, na chavua inafika kwa mgeni. Watoto wanaotokana na wazazi wawili tofauti huwa na nguvu zaidi. Tena tunda moja halina mbegu kumi: Darwin alihesabu zaidi ya 6,000 katika tunda moja. Kupata mara chache kunatosha.

Lakini ujanja huu una shingo nyembamba. Ua linaloiga jike wa nyigu mmoja, nyigu huyo akitoweka, halina pa kwenda. Linaloiga duka la jirani, jirani akifyekwa, sare yake haina maana tena. Tapeli anamhitaji mwaminifu kuliko mwaminifu anavyomhitaji tapeli.

Na si mambo ya Ulaya tu. Jamaa za ile Disa ya Rasi wanaota kwetu, nyanda za juu kusini, Kitulo na Makete. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua hasa, na wenyeji huyaita mahali hapo Bustani ya Mungu. Viazi vya okidi hizo huchimbwa na kuvushwa kwenda Zambia, kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Anayechimba ana watoto wa kusomesha, simlaumu. Ila kiazi kikishang'olewa, mmea umekwisha. Mara nyingi hakuna Dorothy aliyesimama pale akatazama ni mdudu gani aliingia, mbele au kinyumenyume. Tunaweza kumaliza ujanja ambao hatukuwahi hata kuushtukia.

Hadithi yangu ile iliyonishinda niliimaliza. Nilikuwa nimemwandika tapeli kama shetani mwenye pembe, haaminiki. Nikamfanya awe mtu anayemjua mgeni wake vizuri, anayejua basi lipi linafika saa ngapi na abiria wake wanatamani nini. Shangazi alipoisoma alisema, "Huyu sasa ndiye." Halafu akanikumbusha kwamba ile sabuni alifulia mashuka, na ilikuwa sabuni nzuri.