Kabla ya Kumcheka Mangungo

Shuleni kwetu Kilosa, ukitaka kumtukana mtu bila mwalimu kukuchapa, ulimwita Mangungo. Umebadilisha kalamu yako nzima kwa andazi moja? Mangungo wewe! Umembebea mwenzako sanduku toka stesheni hadi bwenini kwa ahadi ya soda, na soda yenyewe hujaiona mpaka leo? Mangungo! Na sisi tulijiona tuna haki ya kulitumia tusi hilo kuliko shule zote za Tanzania, maana Msowero alikotawala mzee huyo ni wilayani kwetu hapo hapo, ukitoka Kilosa mjini kuelekea Dumila.

Nami nilicheka kama wengine. Ndugu msomaji, leo sicheki tena. Nitakueleza kwa nini, lakini itabidi univumilie, maana safari yetu itapita Msowero, itavuka bahari hadi Marekani, halafu iishie shambani kwa bibi yangu, karibu na Mikumi.

Hadithi ya Mangungo unaijua, si ndiyo? Mwezi Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters, kijana wa miaka 28, alivuka kutoka Unguja hadi Saadani na wenzake wachache, akapanda bara. Katika muda wa wiki chache tu alikuwa na mikataba mkononi ya Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Mkataba wa Msowero ni wa tarehe 29 Novemba. Tulivyofundishwa, na tulivyopenda kuongezea chumvi wenyewe, ni kwamba chifu alipewa zawadi ndogo ndogo, akaandika alama yake, akauza nchi. Mjinga. Kengele ikalia, tukaenda kula makande.

Siku moja nikapata nafasi ya kuusoma mkataba wenyewe, umetafsiriwa. Ni karatasi fupi sana, fupi kuliko barua ya mapenzi ya kidato cha pili. Unaanza na urafiki wa milele. Mangungo anaitwa Sultani. Anaitoa nchi yake kwa chama cha Peters, chama hicho peke yake ndicho kiitumie kwa ajili ya ukoloni wa Kijerumani. Kisha inaandikwa kwamba Sultani huyo, alipoulizwa, alisema hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, na wala hajui kama mtu huyo yupo! Na mwishoni kuna jina ambalo mwalimu hakuwahi kulitaja: Ramazani, mkalimani. Karatasi inadai Ramazani alimfafanulia Mangungo kila kitu vizuri.

Hebu tuyatazame maneno hayo taratibu, kama mama anavyochagua mchele.

'Sultani'. Nani Msowero alikuwa Sultani? Wazee wa kwetu wanamjua mndewa, mkubwa wa ukoo na wa eneo, mtu wa kugawa mahali pa kulima na kuamua kesi. Ardhi haikuwa mali yake ya kuuza, kama vile mwenyekiti wa mtaa wako asivyoweza kuuza chumba unacholala. Lakini mndewa hauzi nchi, na Sultani anaweza. Kwa hiyo Peters alikuwa anamhitaji Sultani, na kwa kuwa hakumkuta alimtengeneza kwa kalamu. Hata ile habari ya kutomjua Sultani wa Zanzibar haikuandikwa kwa ajili ya Msowero. Iliandikwa isomwe Ulaya, ili Sayyid Barghash asipate pa kudai.

'Urafiki', je? Kwetu urafiki ni kusaidiana, kukaribishana, kupeana sehemu ya kulima. Mgeni akipewa shamba hapewi nchi. Mangungo aliposikia neno hilo, kama alilisikia, alikuwa na kila sababu ya kuitikia. Swali la kujiuliza ni Ramazani alitamka nini pale penye 'kutumia' na 'peke yake' na 'milele'. Maneno yake hayamo kwenye karatasi. Imeandikwa tu kwamba alieleza vizuri.

Sasa twende Marekani. Nikiwa kidato cha tano tulifika kwenye mada ya historia ya nchi ile, na mwalimu akaandika ubaoni orodha ya maneno ya mwanzo wa serikali yao, kama thelathini hivi, yote kwa ung'eng'e. Kazi yetu ilikuwa kubukua. Mimi nikayaandika kwenye daftari dogo, na kila neno nikalitafutia Kiswahili chake pembeni ili lisinikimbie. Ndipo nilipoanza kushtuka.

Neno la kwanza lilikuwa hati ya mfalme. Mwaka 1606 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliipa Kampuni ya Virginia hati ya kwenda kuanzisha makoloni Amerika, na mwaka 1607 wakajenga Jamestown, kwenye nchi yenye watu na yenye mtawala wake, Powhatan. Nikaandika pembeni: mbona hii naijua? Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi kwa chama cha Peters juu ya nchi za mikataba ile, Usagara ikiwemo. Kati ya hati hizo mbili zimepita takribani miaka 280, lakini mchezo ni ule ule: asiye mwenyewe anampa asiye mwenyewe, na mwenyewe yuko shambani anapalilia.

Neno la pili lilikuwa mkoloni. Hapo darasa zima lilichanganyikiwa. Kwetu mkoloni ni yule wa boma, wa kiboko na kodi. Kwenye vitabu vyao wakoloni ndio mashujaa! Ni walowezi wa makoloni 13, waliomkasirikia mfalme wao wenyewe kwa sababu ya kodi. Sheria ya Stempu ya 1765 ilitoza hata magazeti, karatasi za mahakama na karata za kuchezea. Wakasema hatuna mjumbe hata mmoja katika Bunge la London, kwa nini tulipe? Tarehe 4 Julai 1776 wakatoa Azimio lao la Uhuru, wakaandika kwamba serikali hupata mamlaka yake kwa ridhaa ya wanaotawaliwa.

Na huku kwetu? Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba. Waliokuja kuidai walikuwa akida na jumbe waliowekwa na boma, na hakuna nyumba yoyote ya Usagara iliyokuwa na mjumbe huko Berlin. Mwaka 1905 Majimaji ilipowaka ilifika hadi kwa Wavidunda, kwenye ile milima unayoiona ukiwa kusini mwa Mikumi. Hoja haikuwa mbali na ile ya Wamarekani: kodi, kazi za kulazimishwa, na kutawaliwa na mtu ambaye hukumridhia. Lakini Wamarekani wakaitwa wanamapinduzi. Wa kwetu wakaandikwa waasi. Bwana we, kumbe hata kamusi ina askari wake.

Neno la tatu lilikuwa mkataba. Mwalimu alitupa mfano wa Pennsylvania, mwaka 1737. Watoto wa William Penn walitoa karatasi ya zamani, wakidai inawapa ardhi ya Walenape kwa umbali ambao mtu atatembea kwa siku moja na nusu. Kutembea Walenape walikujua: unakwenda, unapumzika, unawasha kiko, unaendelea. Wenzao wakasafisha njia porini mapema, wakaajiri vijana watatu wenye mbio, na mmoja akafika mbali kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Neno lilikuwa moja, kutembea. Maana zilikuwa mbili, na yenye nguvu ndiyo iliyochukua ardhi. Sijasikia Mmarekani akimtukana mwenzake Mlenape kwa sababu hiyo. Sisi tunamtukana mwenzetu Mangungo.

Na neno la mwisho nililolipigia mstari lilikuwa katiba. Waliiandika Philadelphia mwaka 1787. Ndani yake, wakati ule, walikubaliana kuwahesabu watumwa kama theluthi... hapana, nakumbuka nilikosa hapo kwenye mtihani: kama tatu ya tano ya mtu, katika kugawa viti vya bunge. Lakini neno lenyewe 'mtumwa' hawakuliandika. Waliandika 'watu wengine', basi. Ukiona kalamu inalizunguka neno namna hiyo, ujue hapo ndipo penye jipu.

Katika Kiswahili chetu, mkataba, katiba, katibu na kitabu ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu, nao maana yake ni kuandika. Wewe unayetaka kuwa mwandishi, ndugu yangu, ukoo wako ndio huo. Usijione umekaa pembeni ya serikali unatunga vihadithi tu. Serikali yenyewe ilianzia kwa mtu mwenye kalamu.

Sasa Mikumi. Likizo ile ile nilikwenda kwa bibi, mama yake mama, na daftari langu mfukoni. Shamba lake lilikuwa kijijini, si mbali na barabara kuu ya Iringa, ambako nyumba za wageni zilikuwa zinaota kama uyoga kwa ajili ya watalii wa mbuga. Siku ya tatu akaja bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa, na karatasi mbili zilizopigwa chapa kwa Kiingereza. Alitaka kipande cha mbele, penye miembe. Alizungumza kwa upole sana. Alisema yeye ni rafiki.

Bibi akaniita. "Mume wangu, njoo unisomee. Wewe ndiye msomi wetu."

Majirani walikuwa wamejaa uani. Nikakaa kwenye kigoda, nikaweka kidole kwenye mstari, nikaanza kutafsiri kwa sauti kubwa. Nilijisikia kama mbunge! Jina la bibi, sawa. Mipaka, sawa. Fedha, sawa. Kisha nikafika kwenye sentensi yenye maneno mawili marefu ambayo hayakuwemo kwenye yale thelathini yangu. Sikuyajua. Jasho likanitoka. Ningesema sijui, mbele ya watu wote wale waliouza mahindi kuchangia ada yangu? Nikayaruka. Nikasema, "Na hapa anasema atakitumia hiki kiwanja."

Bwana yule akatikisa kichwa kukubali. "Kijana amefafanua vizuri," akasema.

Wino ulikuwa tayari kwa ajili ya dole gumba. Bibi akaninong'oneza, "Kidole chako kimeruka."

"Bibi?"

"Kilikuwa kinatambaa kama jongoo, pale kikaruka kama panzi. Pameandikwa nini pale?"

Nikanyamaza. Kisha nikasema ukweli kwamba sijui.

Bibi hakunigombeza. Alimwambia mgeni, kwa heshima zote, kwamba karatasi italala mpaka kijana aulize. Mgeni akasema ana haraka, ana safari ya Dar. Bibi akasema, "Baba, ardhi haina safari." Kesho yake nilipanda gari hadi Kilosa, nikamwonyesha mwalimu sentensi niliyoinakili. Akaisoma mara mbili. Neno moja lilikuwa kuhamisha haki zote. La pili lilikuwa milele.

Dole gumba halikuwekwa. Lakini sikujisifu, na leo sijisifu. Kilichonusuru miembe ile si kidato cha tano, ni macho ya mwanamke asiyejua kusoma. Mimi kwa upande wangu nilikuwa nimeshafanya kazi ya Ramazani kikamilifu, tena bila kuhongwa hata senti tano. Nilifanya kwa kuona aibu tu.

Ndiyo maana nimeacha kumcheka Mangungo. Siku hizi mkataba mbovu wowote, wa madini au wa ardhi, watu husema huu ni wa Mangungo, na wakishasema hivyo wanaona wameshamaliza kufikiri. Lakini mzee yule hakuandika karatasi ile. Wengine waliiandika, mwingine akaitafsiri, na mfalme wa mbali akaigonga muhuri. Peters mwenyewe Wajerumani walimfukuza kazi ya serikali mwaka 1897 kwa ukatili wake Kilimanjaro, lakini koloni walibaki nalo. Tusi tukalibeba sisi watu wa Kilosa.

Leo tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, nayo inautambua mkutano mkuu wa kijiji, kwamba ardhi ya wote haigawiwi kienyeji tu na mkubwa mmoja. Ni jambo jema. Ila hata mkutano mkuu unaweza kusomewa karatasi, na atakayesimama kuisoma pengine ni wewe, kijana mwenye cheti na kalamu. Watu watakutazama usoni kwa fahari.

Ukifika kwenye neno usilolijua, simama hapo hapo. Sema sijui. Aibu yake ni ya dakika moja.