Nuru, Moshi na Lugha: Historia Fupi ya Ripoti ya Utafiti wa Leza Kigali

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya aina moja ya maandishi ambayo walimu wa Kiswahili hawana desturi ya kuitazama, nayo ni ripoti ya utafiti ya mwanafunzi wa fizikia. Tumechagua ripoti zinazohusu upimaji wa hewa kwa nuru ya leza, na tumechagua mji wa Kigali, kwa kuwa huko historia ya sayansi hiyo na historia ya lugha zimekutana mahali pamoja. Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa ngeli na methali ana haja gani na leza? Jibu letu ni kwamba ripoti, hata ikiwa ya fizikia, ni maandishi. Na kila andiko huwachagua wasomaji wake kwa lugha liliyoandikiwa, na huwaacha nje wengine kwa lugha hiyo hiyo.

Asili ya elimu yenyewe

Elimu ya kuvitambua vitu kwa kuichunguza nuru vinayoitoa au kuifyonza huitwa spektroskopia. Isaac Newton wa Uingereza aliupitisha mwale wa jua katika kipande cha kioo chenye pembe tatu, akaona nuru nyeupe ikigawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua, na mwaka 1672 akaitoa taarifa yake hadharani. Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer wa Ujerumani aliona mistari myeusi mingi kati ya rangi hizo, akaichora na kuihesabu bila ya kujua sababu yake. Sababu ilipatikana Heidelberg katika miaka ya 1859 na 1860, pale Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walipoonyesha kwamba kila elementi hutoa na kufyonza nuru ya rangi zake maalumu. Tangu hapo mtu aliweza kujua jua limeumbwa kwa nini bila ya kulifikia.

Leza ilikuja baada ya karne nzima. Jina lenyewe lilitokana na herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, na maana yake ni ukuzaji wa nuru kwa njia ya kuuchochea mnururisho. Albert Einstein aliuweka msingi wa nadharia hiyo mwaka 1917, na tarehe 16 Mei 1960 Theodore Maiman aliiwasha leza ya kwanza huko California kwa kutumia kito cha yakuti. Walimu wa insha na wazingatie jambo hili: ripoti ya Maiman ilikataliwa kwanza na jarida moja la fizikia la Marekani, kisha ikachapishwa Agosti 1960 katika jarida la Nature la Uingereza, nayo ilikuwa na maneno yapatayo mia tatu tu. Andiko fupi kuliko insha ya mwanafunzi wa sekondari lilifungua mlango wa elimu mpya. Mwaka 1981 Nicolaas Bloembergen na Arthur Schawlow walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao ya spektroskopia ya leza.

Faida ya leza katika elimu hii ni usafi wa rangi yake. Nuru ya taa huchanganya rangi nyingi. Leza hutoa rangi moja nyembamba mno, na mpimaji aweza kuichagua ile hasa ambayo molekuli fulani huifyonza. Ni kama mtu asimamaye sokoni na kuita jina moja tu: mwenye jina hilo hugeuka, wengine huendelea na safari zao.

Kigali na lugha za ripoti

Sasa tuje Kigali. Mji huu uliasisiwa mwaka 1907 na Richard Kandt, tabibu na mpelelezi wa Kijerumani aliyekuwa mwakilishi wa dola yake nchini Rwanda. Kandt alikuja kwanza kutafuta chemchemi ya Mto Nile, na habari za safari zake aliziandika kwa Kijerumani. Lakini watumishi wa utawala huo, askari wao na wafanyabiashara waliotoka pwani walisema Kiswahili, na ndivyo lugha yetu ilivyopata makao Kigali tangu siku za mwanzo za mji. Hivyo tangu asili kulikuwa na mgawanyo: Kiswahili kilisemwa sokoni na kambini, na ripoti iliandikwa kwa lugha ya mbali.

Wabelgiji waliingia mwaka 1916, na Kifaransa kikashika mahali pa Kijerumani. Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa Butare mwaka 1963, na kwa miaka mingi tasnifu ziliandikwa kwa Kifaransa. Baada ya maangamizi ya mwaka 1994, yaliyowaua pia walimu na wanafunzi wengi, nchi ililazimika kuijenga upya elimu yake. Mwaka 1997 Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ilianzishwa Kigali; mwaka 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia; na mwaka 2013 vyuo vya umma viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Mwaka 2018 ilifunguliwa Kigali taasisi ya utafiti wa fizikia ya msingi kwa ajili ya Afrika Mashariki, kwa ushirikiano na kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia. Kwa muda wa karne moja, basi, ripoti ya kitaalamu Rwanda imevaa nguo tatu: ya Kijerumani, ya Kifaransa na ya Kiingereza. Kiswahili nacho kilitangazwa kuwa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, lakini bado hakijaizoea karatasi ya mwanasayansi.

Leza mlimani Mugogo

Mfano ulio bora wa kazi ya leza nchini Rwanda uko nje ya Kigali, katika nyanda za juu za kaskazini-magharibi, juu ya mlima Mugogo wenye kimo cha mita 2,590. Hapo kilijengwa kituo cha kuchunguza hali ya hewa kwa ushirikiano wa serikali ya Rwanda na Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani. Azimio la kwanza lilikuwa kukijenga juu ya Karisimbi, volkano yenye mita 4,507. Mugogo ulichaguliwa kwa kuwa ni rahisi zaidi kufikika. Upimaji ulianza mwaka 2015.

Ndani ya kituo hicho mna chombo kipimacho hewa ya ukaa, methani na kaboni monoksidi kwa leza. Kazi yake twaweza kuieleza hivi. Hewa huvutwa katika chumba kidogo chenye vioo viakisivyo karibu nuru yote inayoviangukia. Leza humulika ndani kwa kitambo, kisha huzimwa. Nuru iliyobaki huendelea kurukaruka kutoka kioo hadi kioo, ikasafiri kilomita nyingi ndani ya chumba kisichozidi vipimo vya sanduku, huku ikififia. Ikiwa hewa ina gesi nyingi ya aina inayotafutwa, nuru hufifia upesi. Ikiwa gesi ni chache, hukawia. Chombo hakipimi ukali wa nuru bali muda wa kufifia kwake, mfano wa mtu aujuaye ukubwa wa ukumbi kwa kusikiliza mwangwi unavyokwisha. Njia hii ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1988.

Kituo hicho kimezaa maandishi ya wanafunzi. Linalojulikana zaidi ni tasnifu ya Jimmy Gasore, Mnyarwanda aliyehitimu shahada ya uzamivu huko Massachusetts mwaka 2018 kwa kuchunguza kiasi cha hewa ya ukaa na methani kinachotoka katika Afrika ya Kati na ya Mashariki. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Rwanda, na mwaka 2023 aliteuliwa kuwa Waziri wa Miundombinu. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika ripoti ya leza Kigali leo haanzi katika jangwa. Anaiendeleza kazi iliyokwisha kuanzwa nyumbani kwake.

Ripoti na ushahidi

Ripoti ya namna hii huwa na muhtasari, utangulizi, nadharia, maelezo ya zana na njia, matokeo, mjadala na hitimisho. Sehemu hizi hazikuwekwa kwa ajili ya urembo. Kirchhoff na Bunsen waliaminiwa kwa sababu mtu mwingine mwenye taa na kioo aliweza kuifuata njia yao na kuyaona waliyoyaona. Vivyo hivyo, mwanafunzi aandikaye juu ya Mugogo hana budi kueleza chombo kililinganishwa na mitungi ipi ya gesi ya kiasi kinachojulikana, mvuke wa maji ulirekebishwaje, na kipimo chake chaweza kupotoka kwa kadiri gani. Ripoti ni ushahidi, na shahidi huulizwa alisimama wapi.

Hapa mwalimu wa Kiswahili ana la kusema, kwani sarufi yetu ina vifaa vinavyofaa kazi hiyo. Tutazame vitenzi vitatu: hewa ikipoa, hewa ilipopoa, hewa ingepoa. Cha kwanza kinataja sharti, cha pili tukio lililokwisha kutokea, cha tatu jambo la kudhania tu. Mwanafunzi anayezichanganya hali hizi huyachanganya matokeo na dhana, na kosa lake si la lugha peke yake, ni la sayansi pia. Vivyo hivyo, kuna umbali mkubwa kati ya maneno yaelekea, inaonyesha na imethibitika. Kuhusu istilahi, mwanafunzi haanzii patupu: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na maneno kama atomi, molekuli, wimbi na mnururisho yamekwisha kuzoeleka.

Moshi hauulizwi pasi

Lakini kwa nini Kiswahili, ilhali Wanyarwanda karibu wote wanacho Kinyarwanda? Swali hili ni la haki, nasi hatutaki kulikwepa. Mkulima wa Mugogo anayestahili kuambiwa habari za moshi wa kuni jikoni mwake aambiwe kwa Kinyarwanda, na lugha nyingine isishike mahali hapo. Kiswahili kina kazi tofauti, na matokeo ya mlimani yenyewe yanaionyesha. Tuujaribu muhtasari wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, kwa maneno yetu wenyewe:

Kaboni monoksidi, masizi na ozoni vilipimwa mlimani Mugogo kuanzia Mei 2015 hadi Januari 2017. Kaboni monoksidi na masizi viliongezeka katika majira mawili ya kiangazi na kupungua katika majira ya mvua. Katika miezi ya Desemba hadi Februari hewa ilifika ikiwa imepitia sehemu za kaskazini zenye mioto mingi ya nyika na mashamba. Katika miezi ya Juni hadi Agosti moshi ulitoka sehemu za kusini. Kwa hiyo mioto ya mbali ni sababu kubwa ya kubadilika kwa hewa ya mlima huo.

Msomaji ameona kwamba kifungu hicho hakikuhitaji neno lolote la ajabu. Ameona pia jambo lililo kubwa zaidi: moshi unaopimwa Rwanda hauanzii wote Rwanda. Hauulizwi pasi mpakani. Nyika ikiungua katika nchi moja, leza ya nchi nyingine huliona jambo hilo. Ikiwa ripoti itasomwa na wataalamu peke yao, watu wa nchi hizo hawatajua kwamba moto wao umefika kifuani mwa jirani. Lugha moja ya Kiafrika inavuka mipaka ya Rwanda, Burundi, Kongo ya mashariki, Uganda, Kenya na Tanzania kama moshi unavyoivuka, nayo ni Kiswahili. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mkataba wa Jumuiya hiyo unataka Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wake. Mnyarwanda auitaye moshi umwotsi hana safari ndefu ya kulifikia neno letu.

Hatudai kwamba tasnifu zote ziandikwe kwa Kiswahili kesho asubuhi. Kiingereza kitaendelea kuwapa wanafunzi wa Kigali wasomaji wa dunia, nao wanawahitaji. Tunachopendekeza ni kidogo na chawezekana: kila ripoti ya utafiti wa hewa iwe na muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja, ulioandikwa na mwanafunzi mwenyewe na kusomwa na mwalimu wa Kiswahili pamoja na mwalimu wa fizikia. Mwalimu wa fizikia ataangalia kama ni kweli. Mwalimu wa Kiswahili ataangalia kama inaeleweka. Maiman alihitaji maneno mia tatu tu kuitangaza leza. Ukurasa mmoja una nafasi ya kutosha.