Tanuri la Mjomba

Januari yangu ya kwanza Minneapolis, tanuri la gesi linalopasha joto nyumba ya mjomba lilizima mara nne kwa usiku mmoja. Nje ilikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri. Hii si baridi ya Limuru, bana. Hii hupasua mabomba ya maji ukutani. Ghorofani, binti yake wa miezi mitano alikuwa amelala na kofia.

Tulishuka chini ya nyumba na tochi ya simu. Tanuri lenyewe ni la zamani. Lina kijimoto cha buluu kinachokaa kikiwaka mchana na usiku, kikingoja kuwasha moto mkubwa. Kikizima, unabonyeza kitufe chekundu, unaweka kiberiti, unashikilia kama dakika moja, kisha unaachilia. Mimi nikiachilia tu, klik! Kimezima. Narudia, klik!

"Hii mashine imezeeka," mjomba akasema. Fundi wa usiku alikuwa ametaja bei ya kutisha. "Wacha nitafute kamba. Tukifunge hicho kitufe kikae chini, tulale."

Kusema kweli, niliona ni wazo poa. Nikaendelea kubonyeza huku yeye akipekua droo. Upepo ukashuka kwenye bomba la moshi, kijimoto kikafa, na kidole changu bado kiko kwenye kitufe. Ndipo nikasikia ile harufu. Unaijua: ile ya mtungi wako wa jikoni ukivuja, kama yai lililooza. Nikatoa kidole. Klik.

Gesi yenyewe, kama ile ya tanuri au ya mtungi, karibu haina harufu. Hutiwa makusudi. Tarehe 18 Machi 1937, huko New London, Texas, gesi isiyo na harufu ilivuja na kujaa chini ya jengo la shule. Ili kuokoa pesa, shule ilikuwa imeacha kununua gesi ya kampuni na kujiunganishia kwenye bomba la masalio ya visima vya mafuta. Hakuna aliyenusa chochote. Cheche ya mashine katika karakana ikailipua, na watu karibu 300 wakafa, wengi wao watoto. Baadaye mwaka huohuo, Texas ikapitisha sheria ya kutia gesi harufu.

Ile klik nayo ina asili yake. Mwaka wa 1821, Thomas Johann Seebeck, mwanafizikia mzaliwa wa Tallinn, aliunganisha metali mbili tofauti na kupasha moto kiungio kimoja. Sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Yeye alidhani ni usumaku tu. Kumbe joto lilikuwa limezaa umeme.

Ndani ya kijimoto cha mjomba kuna ncha ya metali mbili kama zile, inaitwa themokapuli. Ikipata moto hutoa umeme mdogo sana, kama sehemu 30 kati ya 1,000 za volti moja. Huo hautoshi kuchaji simu, lakini unatosha kushikilia sumaku inayoweka vali ya gesi wazi. Moto ukifa, ncha inapoa, umeme unaisha, vali inajifunga. Hata oveni ya gesi ya Nairobi inayokutaka ushikilie kitufe sekunde kadhaa, mara nyingi inangoja ncha kama hiyo ipate moto.

Kwa hivyo tanuri halikuwa limegoma. Ncha yake ilikuwa imechakaa, haiwezi tena kuthibitisha kwamba kuna moto, na waliounda ile vali waliamua zamani kwamba penye shaka, gesi ifungwe. Kamba ya mjomba ingeinyamazisha hiyo shaka. Gesi ingeendelea kutoka gizani, na sisi tumelala juu yake.

Nilimwambia habari za Texas palepale, meno yakigongana. Hakubisha. Tulilala wote chumba kimoja, na hita ya umeme na kila blanketi lililokuwamo.

Asubuhi fundi alikuja, akakagua mabomba kama yanavuja, akabadilisha ile ncha. Kipuri chenyewe hakikufika dola 20. Akawasha, akashikilia, akaachilia. Kimya.

Mjomba aliirudisha kamba kwenye droo.