Mawe ya Uwanda Wetu



Katika mkutano huu tutajadili ombi la kuuza mawe ya uwanda alioturithisha marehemu babu yetu, kusini mwa Unguja. Kabla ya kukata shauri, ni vyema tujue mawe hayo ni kitu gani.

Uwanda haufai kwa mpunga, kwani udongo wake ni haba na chini yake ni jabali tupu. Jabali hilo hapo kale lilikuwa hai. Ni matumbawe yaliyoota baharini, mengine takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ndiyo maana wachimbao hukuta humo makombe yaliyogeuka mawe. Kwa mawe kama hayo, na chokaa itokanayo nayo, ulijengwa Mji Mkongwe.

Baadaye dunia iliingia baridi kali, maji mengi yakaganda kuwa barafu, na ilipofika miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa imeshuka kiasi cha mita 120. Mkondo baina ya Unguja na Mrima una kina kifupi, hivyo ulikauka na kisiwa kikaungana na bara. Pemba haikuungana, kwani mkondo wake una kina cha mamia ya mita.

Ushahidi umo katika Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani. Watafiti waliochimba humo kuanzia mwaka 2005 walifukua zana za mawe pamoja na mifupa ya pundamilia, nyati na kuro. Bahari iliporudi, wanyama hao walibaki kisiwani, na hatimaye wakatoweka. Mifupa yao imedumu kwa kuwa jabali la chokaa huizuia isioze upesi.

Mapango hufanyika pale maji ya mvua yanapolila jabali hilo polepole, kwa maelfu ya miaka. Nyundo hulivunja kwa siku chache, na lililomo hupotea kabla halijasomwa.

Najua walioko nyumbani wanaomba kwa dhiki, si kwa tamaa, paa linavuja. Sisi tulioko Uingereza hatuna haki ya kuwakataza kwa maneno matupu. Rai yangu ni kwamba tuchange fedha za paa sisi wenyewe, na uwanda usiguswe mpaka wataalamu wa mambo ya kale waukague.

Wabillahi tawfiq.